Upande Huu na Upande Ule

Mwalimu wa hesabu hakupiga watu kwa hasira, na ndiyo maana aliogopwa kuliko walimu wenye hasira. Mwenye hasira huchoka, au hupigiwa simu akasahau. Huyu alichapa taratibu, akihesabu kwa sauti, kama fundi anayepigilia misumari, na akimaliza anakurudishia karatasi yako kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Kidato cha pili walimwita Mizani.

Jina hilo alilipata kwa sheria yake ya madawati. Kila Ijumaa kulikuwa na jaribio la aljebra, maswali kumi, na kila swali ulilokosa lilikuwa fimbo moja. Hapo hakuna jipya. Shule ngapi hazifanyi hivyo? Jipya ni kwamba walioketi dawati moja walikula pamoja. Ukikosa matatu unachapwa tatu, na jirani yako naye tatu, hata kama yeye kapata yote.

"Mlinganyo una pande mbili," Mizani alisema, akigonga alama ya 'sawa na' iliyo ubaoni kwa ncha ya fimbo. "Ukifanya upande huu, fanya na upande ule. La sivyo si hesabu hiyo, ni uhuni."

Alidhani anawafundisha kusaidiana, na huenda aliamini kweli. Kilichotokea ni kwamba wenye akili walianza kuwapiga wazito kabla mwalimu hajawapiga wote. Alhamisi jioni, nyuma ya maabara, ungesikia: "Eksi ni ngapi? Ngapi, mbwa wewe?" halafu kofi. Kijiti, kijana mwembamba aliyekuwa wa pili darasani, aliketishwa na jitu moja zito la kichwa na zito la ngumi. Kwa kuwa jitu halipigiki, Kijiti alichapwa kila Ijumaa, mwaka mzima, kwa makosa yasiyo yake. Kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimeota sugu.

Mtu mmoja tu hakuguswa. Darasa lilikuwa na idadi isiyogawanyika kwa mbili, na aliyebaki peke yake, kwenye dawati la mbele karibu na dirisha lililovunjika kioo, alikuwa binti wa mwalimu mwenyewe. Upande wa pili hakuwa nao, na swali hakuwahi kukosa. Wenzake walimwita Yai. Halikuwa jina la mapenzi. Akipita, mazungumzo yanakatika; akiomba rula, rula zote za darasa zimepotea.

Halafu, katikati ya muhula, akaja Mgeni.

Alikuwa msichana mrefu mwenye mabega, aliyehamishwa kutoka shule nyingine na kuletwa na shangazi yake. Alipoingia mlangoni, darasa zima liligeuka kutazama dawati la mbele. Mizani naye alitazama. Yai alimwona baba yake akimeza mate, kisha fimbo ikanyooka.

"Keti pale."

Nyuma mtu akanong'ona, "Mkuki kwa nguruwe mtamu."

"Ijumaa tutaona kwa binadamu," mwingine akajibu, na safu nzima ikacheka puani.

Yai aliogopa, tena sana. Lakini hofu yake ilikuwa ya mtu asiyetaka kuumia, hofu ndogo ya kawaida, mpaka kesho yake walipoketi pamoja kwenye ngazi za maabara na akauona mkono wa kushoto wa Mgeni. Vidole viwili havikunyooka. Mgongoni mwa kiganja palikuwa na kovu la kushonwa, bado bichi.

"Umefanya nini hapo?"

"Si mimi niliyefanya. Mwalimu wa kule." Mgeni aliuchomeka mkono kwapani. "Mfupa umeunga juzijuzi tu. Daktari kasema ukivunjika tena pale pale, basi, nitabaki na mkono wa kupungia watu."

"Si umwambie... si tumwambie mwalimu?"

"Yule wa kule nilimwambia mkono huu unauma. Ndio akaupiga huu huu." Akamtazama Yai usoni. "Wewe unamjua babako. Niambie. Nimwambie?"

Yai alifikiri. Kwa Mizani, kila utetezi ulitakiwa uonyeshwe ubaoni, hatua kwa hatua, na usipothibitika unaongeza fimbo. Aliyewahi kusema ana homa aliwekewa kiganja cha mwalimu kwenye paji la uso, akaambiwa, "Vuguvugu," akachapwa. Na fimbo ilipigwa mkono usioandikia, siku zote, ili kesho mtu asikose kuandika. Mkono wa kulia ni wa kalamu, Mizani alisema, wa kushoto ni wangu. Mgeni aliandika kwa mkono wa kulia.

"Usimwambie," Yai alisema. "Upate yote kumi."

"Mimi? Yote?" Mgeni akacheka kicheko kikavu. "Mimi na eksi hatujawahi hata kusalimiana."

Lakini hakuwa mzito. Kuhamisha namba alijua, kugawanya alijua, na ukimpa eksi mbili pande mbili alizikusanya upesi kuliko Kijiti. Kilichomshinda ni ile alama ya kutoa inayosimama nje ya mabano.

"Hiyo kutoa inaingia ndani," Yai alimweleza. "Inambadilisha kila mtu aliyemo."

"Inambadilisha wa kwanza. Wa pili kajificha nyuma yake."

"Hajajificha. Wote wawili wanabadilika."

"Haya, wote." Na swali lililofuata akambadilisha wa kwanza, akamwacha wa pili amekaa kama mwenye nyumba.

Hivyo ndivyo wiki ilivyokwenda. Alhamisi jioni, nyuma ya maabara, katikati ya makofi ya wengine, Yai alisikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Rudia." Ilikuwa sauti tulivu. Mgeni akarudia, akakosea pale pale. "Rudia." Akakosea. Rula ya mbao ilikuwa mkononi mwa Yai, na hakukumbuka kuinyanyua. Aliishusha kwa nguvu zake zote kwenye mkono uliokuwa karibu, na uliokuwa karibu ulikuwa wa kushoto.

Mgeni hakulia. Alimkamata Yai kola, akamgonga mgongo ukutani, akamgonga tena, kisha akamzaba kofi lililomtoa damu puani. Yai akamrukia na kumuuma bega. Waligaragara kwenye kokoto, wakivutana nywele na mashati, huku wengine wameacha kupiga wazito wao ili watazame. Ilikwisha Yai akiwa chali, goti la Mgeni likiwa kifuani mwake.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," Mgeni alisema, akihema.

Yai alijifuta damu puani. Kilichomuumiza si kofi wala kokoto. Kilichomuumiza ni kwamba rula ilipokuwa inashuka aliona raha. Alijiona ana haki, na kichwa kilikuwa chepesi. Mwaka mzima alimtazama baba yake akichapa na kujiuliza anapata nini pale. Sasa alikuwa amekionja, na kilikuwa kitamu. Alitamani kukitapika.

"Nisamehe," alisema. "Nisamehe, mwenzangu."

Mgeni alinyanyuka, akaufungua mkono wake wa kushoto na kuufumba. Ulifumba nusu, kama kawaida yake.

"Haujavunjika," alisema. "Haya, leta swali lingine. Na hiyo rula nipe mimi."

Ijumaa maswali yaliandikwa ubaoni na darasa likainama. Yai alimaliza mapema, kisha akakaa akimtazama Mgeni pembeni ya jicho. La kwanza sawa, la pili sawa, la sita Mgeni alifuta akaandika tena, sawa. Swali la kumi lilikuwa tano kutoa mbili mara mabano, eksi kutoa tatu, funga mabano, sawa na moja. Yai aliiona ile kutoa nje ya mabano. Hapo hapo kengele ikalia.

Desturi ilikuwa mnabadilishana karatasi na jirani yako, mwalimu anasoma majibu, nawe unamsahihishia mwenzako kwa kalamu nyekundu. Yai alipokea karatasi ya Mgeni. Vema, vema, vema, mpaka la tisa.

"La kumi," Mizani alisoma. "Eksi ni tano."

Mgeni alikuwa ameandika hasi moja. Yule wa pili ndani ya mabano alikuwa amejificha tena.

Yai aliweka vema. Hakufikiri. Kalamu ilikwenda yenyewe, na juu ya karatasi akaandika kumi juu ya kumi kwa mwandiko wa baba yake, maana miandiko yao ilifanana. Ni kosa la kijinga kwa mtu mwenye akili kama zile. Kati ya karatasi zote za darasa, ni ipi Mizani angeikagua kwanza, kama si ya dawati ambalo kila mtu alilisubiri?

Alisimama mbele yao akisoma. Kidole chake kikafika chini ya ukurasa, kikatulia hapo.

"Hasi moja," alisema. "Na nani aliyesahihisha?"

Adhabu ya kubebana, yaani kumfichia mwenzako kosa, darasa zima waliijua: fimbo zinazidishwa mara mbili. Ile moja ambayo Mgeni angechapwa ilikuwa sasa mbili, na ya pili aliyeiongeza ni Yai mwenyewe.

"Njooni."

Walisimama mbele, mabega yakigusana. Mgeni alikuwa ameuficha mkono wa kushoto nyuma.

"Una utetezi?" Mizani alimuuliza binti yake. Alimuuliza kila mtu hivyo.

"Ninao."

"Ubaoni."

Yai akachukua chaki. Aliandika kwa herufi kubwa: mbili sawa na mbili.

"Huku fimbo mbili za Mgeni," alisema. "Huku mbili zangu. Mlinganyo ni sawa?"

"Ni sawa," Mizani alisema.

"Ukifanya upande huu, fanya na upande ule. Natoa mbili huku." Akaandika. "Natoa mbili na huku." Akaandika, akapiga mstari, na chini yake akaweka sifuri, alama ya sawa na, sifuri. "Mlinganyo ni sawa, mwalimu?"

Kisha jitu la Kijiti, lile lisilopata swali hata moja, ndilo lililoelewa kwanza. Lilicheka kama radi. Darasa likalipuka, miguu ikagonga sakafu, mtu akapanda juu ya dawati akipiga kelele, "Sawaaa! Sawa na sifuri!" Kwa mara ya kwanza tangu aingie shule ile walimshangilia Yai. Angefurahi, kama asingeuona uso wa baba yake.

Mizani hakuwa mtu wa hasira, tulisema. Basi siku ile aliipata yote kwa mkupuo. Midomo ilimcheza. Alimkamata Mgeni kifundo cha mkono, akauvuta ule wa kushoto mbele, na fimbo ikapanda juu kuliko ilivyowahi kupanda.

"Baba, huo ulivunjika!" Yai alipiga kelele.

"Hapa hakuna baba!"

Yai aliuingiza mkono wake kati. Ulikuwa wa kulia, ndio uliokuwa na chaki. Fimbo ilitua, na watu wa safu ya nyuma walisikia mfupa.

"Moja," Mizani alihesabu. Mdomo ulikuwa umeshazoea. Ulihesabu kabla macho hayajaona.

Mwalimu wa kemia ndiye aliyempeleka Yai hospitali kwa gari lake. Mizani alikaa kiti cha nyuma, chaki kwenye suruali. Mifupa ya kiganja ilivunjika kama vijiti. Walimpasua, wakaiunga, wakamtia plasta mpaka kwenye kiwiko.

Nyumbani mama yake alimlisha kwa kijiko kama mtoto mdogo. Baba aliketi upande wa pili wa meza, sahani haijaguswa, machozi yakimtiririka bila sauti.

"Mchelea mwana kulia," alinong'ona, kama mtu anayetafuta pa kushika.

"Hulia mwenyewe," mama alimalizia, bila kumtazama. "Haya, wewe hukuchelea. Mbona unalia?"

Mizani alirudi darasani siku ileile Yai aliporudi, Ijumaa moja baadaye. Ubaoni hakuandika swali. Alisimama mbele ya dawati la binti yake, shati limenyooshwa vizuri, akaweka fimbo juu ya meza. Halafu akautandaza mkono wake mwenyewe kando ya fimbo, kiganja juu. Ulikuwa wa kulia.

"Wiki ile sikumaliza mlinganyo," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Upande huu umefanyika. Fanya na upande ule."

Yai aliitazama fimbo, na Mungu anisamehe kwa kumsema, aliitamani. Ule utamu ulimpanda kooni.

"Siwezi," alisema. "Mkono wa kupigia umeuvunja."

Mizani alifumba macho kidogo, akayafumbua. Mkono hakuuondoa.

Mgeni akasimama. "Mimi ninao mmoja mzima," alisema, akaichukua fimbo, na bila kupoteza wakati akaishusha. Alikuwa na mabega yule msichana. Mizani aliguna, kiganja kikaruka, akakirudisha palepale.

"Moja," alisema.

Hapo ndipo jitu liliposema kutoka nyuma, "Na zangu je?"

"Na zangu?" mwingine akauliza.

"Zangu mwalimu alizidisha, nilikuwa na homa kweli!"

Viti vilikwaruza sakafu. Mizani angeweza kuwakemea. Neno moja tu lingetosha, walikuwa bado wanamwogopa. Lakini mtu aliyeamini jambo moja maisha yake yote haliachi kwa sababu limemgeukia.

"Pangeni mstari," alisema.

Wakapanga, kwa utaratibu, kama alivyowafundisha. Jitu lilipiga kwa nguvu mpaka likatoa pumzi. Wasichana wawili waliokuwa wakipigana kila Alhamisi walipiga kwa zamu huku wameshikana mkono. Mmoja alirukaruka kwanza ili apate kasi. Kila pigo Mizani alilihesabu, na sauti yake ikawa nyembamba zaidi kwa kila namba, na ngozi ya kiganja ikapasuka katikati, damu ikaingia kwenye mbao za meza. Yai alitazama yote. Tuseme ukweli: kwa wachache wa mwanzo aliona raha, tena raha nzito, na alimtazama baba yake usoni ili aone kama inamuuma. Ilimuuma. Kisha akaja msichana mdogo kuliko wote, anayeketi karibu na mlango, aliyepiga huku analia kamasi, akapiga tena bila ruhusa, akapiga tena, na alipogeuka kumkabidhi fimbo aliyefuata alikuwa anatabasamu. Yai alilijua tabasamu lile. Alikuwa nalo mwenyewe nyuma ya maabara.

Alinyanyuka, akauweka mkono wake wenye plasta juu ya kiganja cha baba yake.

"Utoe," Mizani alisema. Meno yalikuwa yanamgongana. "Bado wako wengi."

"Nawaona."

"Lazima ilingane, mwanangu."

"Hailingani, baba. Utakwisha mkono na haitalingana."

Aliyeshika fimbo sasa alikuwa Kijiti. Alikuwa amesubiri kwenye mstari bila kusukumana na mtu, kiganja chake cha sugu kimeizunguka fimbo, ameinyanyua tayari. Aliitazama plasta, akamtazama Yai.

"Na mimi?" aliuliza. "Mwaka mzima nimechapwa kwa makosa ya mtu. Mimi nimpige nani?"

Yai alitafuta jibu, na darasa zima likamsubiri, maana yeye ndiye asiyekosa. Hakulipata. Aliuacha mkono wake palepale, na damu ya baba yake ikaanza kupenya kwenye plasta.